Vidonge Ndani ya Pindo

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote, mgongo wako unasemaje? Na binti yangu Karanga hajambo? Mbusu kwenye kitovu, pale anapochekea. Mimi nimefika salama, ila nimekaa kwenye kiti cha gari mpaka makalio yakasahau kwamba ni yangu.

Hospitali ni kubwa, dada. Ukumbi wake wa kusubiria peke yake unaweza kuumeza mtaa wetu na ukabaki na njaa. Nimepewa kitanda cha kumi na saba, wodi ya pua na masikio, karibu na dirisha linalotazama ukuta. Jirani yangu wa kumi na nane ni mama mtu mzima aliyefungwa bandeji shingoni. Amekatazwa kuzungumza, kwa hiyo anazungumza kutwa. Aliponiona tu akasema, "Mwanangu, hilo jicho la kushoto linatoka kwenda kuona nini ambacho la kulia halikioni?" Nikacheka mpaka likaniuma. Unajua, tangu lianze kusukumwa mbele hakuna mtu aliyenitania. Wote hutazama chini kama nimefiwa. Hata Baba Karanga alilitazama mara mbili, mara ya tatu akasema anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Daktari wa pua ni kijana, mikono yake ni ya baridi. Aliingiza mrija wenye taa puani, akatazama kwenye skrini. Kisha nikalazwa kwenye ile mashine ya duara inayopiga picha vichwa. Kasema ndani ya uso wa mtu mna vyumba vya hewa, na vyangu vya kushoto vimejaa kitu kigumu. Kimekula ukuta mwembamba kikaingia kwenye tundu la jicho, na ndicho kinacholisukuma. Nikamwuliza, ni saratani? Akasema hajui, ndiyo maana atakata kipande kikatazamwe.

Halafu akaniuliza, "Mpaka sasa umetumia dawa gani?" Nikajibu kama tulivyopatana: matone ya pua na dawa ya maumivu, basi. Akaandika.

Vile vidonge vyako viko salama. Kabla ya kuondoka nilivishonea kwenye pindo la mtandio wangu mweusi, kila kimoja na kichumba chake, kwa mkono, mshono ambao hata fundi mwenzangu hatauona. Asubuhi nikienda kunawa nafumua kichumba kimoja, nameza, narudi kitandani na uso wa mtu mwema. Najua kwamba bila vidonge hivyo jicho hili ningekuwa nalibeba mkononi. Na najua mwenye duka la dawa akisikia muuzaji wake anampa ndugu yake dawa bila cheti cha daktari, atakuvua koti hapohapo kaunta. Wewe ulinibeba mgongoni Mama alipotuacha. Siwezi kukuvua nguo mbele za watu.

Nina matumaini, dada. Hapa wana mashine za kila kitu. Nataka nirudi kabla Karanga hajaanza kutembea, nimwone kwa macho yote mawili. Nikishapona nitarudi kwenye cherehani, na nguo ya kwanza ni yako.

Usipige simu. Simu ya wodi anaishika muuguzi mkuu, na masikio yake hayana likizo. Tuandikiane.

Mdogo wako,
Mama Karanga


15 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba,

Marahaba. Mgongo umegoma, ila mimi nimekataa kugoma nao. Je, unakula? Unalala? Huyo jirani yako mpe salamu zangu, mwambie bandeji waipandishe juu kidogo.

Mwanao ni mzima kupita kiasi. Tulimwita Karanga kwa kuwa alizaliwa kadogo unaweza kumtia mfukoni, sasa amenona mpaka jina linaona haya. Anatambaa kwa kasi ya gari la wagonjwa. Juzi aliingia chini ya kitanda akafungua sanduku lako la nyuzi. Nilimkuta amejizungushia uzi mwekundu toka shingo hadi miguu, katulia tuli kama kifurushi kinachongoja posta. Sikumfungua upesi. Nilicheka kwanza.

Sasa nisikilize. Vidonge usiache. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa miaka tisa, nimeviona vikituliza pumu, vipele, magoti yaliyovimba kama maboga. Umesahau siku ulipovianza? Siku ya tatu ulinipigia kelele kutoka bafuni, "Dada, nasikia harufu ya sabuni!" Pua iliyokuwa imeziba mwaka mzima. Na kila ulipokosa siku mbili uvimbe ulirudi mbio. Ushahidi gani mwingine unautaka?

Lakini mdomo, mdogo wangu, mdomo. Wakaguzi walipita wiki iliyopita wakageuza kila droo. Tangu hapo mwenye duka akiona kivuli mlangoni anatoa leseni. Nikifukuzwa, mimi na wanangu na huyo kifurushi wako tutakula hewa.

Nimekutumia mtandio wa pili kwa dereva wa gari la dawa. Pindo nimelishona mwenyewe. Usinicheke, mishono imepinda kama njia ya mlevi, lakini ndani mna kitu. Madaktari walitafute jina, wewe meza.

Dada yako


3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na watoto hawajambo? Mtandio umefika. Nimekucheka, nisamehe. Kumi na nane aliutazama akauliza kama umeshonwa ndani ya gari likiwa linakwenda.

Walikata kipande puani mwangu wakakipeleka chumba cha hadubini. Jibu limekuja mstari mmoja: makovu tu. Hawakuona saratani, wala kifua kikuu, wala ukungu. Nikashangilia, dada, nikajua kesho narudi nyumbani. Daktari hakushangilia. Akasema, "Kovu huwa na kidonda kilicholizaa. Mimi nimeona kovu, kidonda sikioni." Anasema maradhi matatu manne yanaweza kuacha kovu la namna hiyo, na dawa ya hili ni sumu kwa lile. Hawezi kunitibu kwa kubahatisha. Atakata tena, ndani zaidi, karibu na jicho.

Naogopa kidogo lakini si sana. Kumi na nane kasema mtu aliyezaa hana haki ya kuogopa kisu kidogo.

Dereva aliyeleta mtandio kasema Karanga anasimama kwa kushika kigoda. Mwambie akae. Mwambie mama yake kasema kusimama si mashindano.

Mdogo wako,
Mama Karanga


26 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai mko salama wote. Barua hii uisome ukiwa peke yako.

Kipande cha pili kimetoa jibu lilelile: makovu. Lakini safari hii aliyetazama kwenye hadubini amekuja mwenyewe wodini. Ni mama mmoja mnene, anavaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na hutafuta zote. Muuguzi alishangaa, kasema yule huwa hatoki chumbani kwake, wagonjwa anawajua kwa vipande. Akakaa kitandani kwangu. Hakutazama jicho. Alitazama mashavu yangu haya yaliyojaa, ambayo mtaani walikuwa wakinisifia kwamba uzazi umenikubali. Akatazama ndevundevu za taya. Akaniomba nipandishe gauni, akaona ile michirizi ya zambarau mapajani. Kisha akafunika vizuri, akasema polepole:

"Mwanangu, kuna vidonge fulani vidogo vyeupe. Vinapunguza uvimbe, mtu anaona kama anapona. Lakini chini yake ugonjwa unaendelea kujenga ukuta wake. Na mimi nikitazama, wale ninaowatafuta, chembe za damu zinazoshika rangi nyekundu, siwaoni. Vidonge vimewafukuza. Nabaki na ukuta, mjenzi hayupo. Mwili wako unaniambia jambo ambalo mdomo wako hausemi."

Dada, mtandio ulikuwa magotini kwangu. Nilikuwa nalipapasa pindo kwa kidole.

Nikasema sijui vidonge hivyo.

Akainuka, akasema atarudi, na kwamba jicho haliwezi kusubiri sana. Tangu atoke sina raha. Nataka kumwambia. Lakini siri ni yako kabla ya kuwa yangu, na sitaifungua bila wewe. Niandikie neno moja tu, "sema", nami nitasema, na jina lako sitalitaja. Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Mama Karanga


6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo? Sijapata barua. Labda imekawia njiani.

Nakuandikia kuhusu kitu kidogo. Muuguzi aliniletea shuka lake nimshonee, akanipa nyuzi nichague mwekundu. Nikainua uzi mmoja upande wa kushoto, nikasema huu ni wa kahawia. Akacheka, "Huo ndio mwekundu!" Nikaziba jicho la kushoto, nikaona kweli ni mwekundu, nyekundu ya kupiga kelele. Nikaziba la kulia, ukawa rangi ya tofali lililonyeshewa.

Kumi na nane alikuwa anatazama. Hakutania.

Mdogo wako,
Mama Karanga


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeugua? Karanga ameugua? Kama kuna msiba niambie, nitavumilia. Posta ya wodi huja Jumanne na Ijumaa. Nimekwisha kuwajua wote wanaopata barua.

Bado nameza. Bado sijasema.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Sema.

Sote tu wazima.

Dada yako


12 Mei

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita. Siku hiyohiyo nilikwenda chumba cha hadubini kwa miguu yangu, nikaweka mitandio yote miwili juu ya meza, nikamwomba yule mama mkasi. Nikafumua pindo mbele yake. Aliviokota kimoja kimoja. Hakunigombeza. Aliniuliza tu tangu lini, nikamwambia huu ni mwaka wa tatu. Akavua miwani, ile ya usoni. Madaktari wakauliza nimevipata wapi, nikasema duka fulani njiani, silikumbuki.

Mtu aliyevimeza muda mrefu haachishwi ghafla, anaweza kuanguka. Walinipunguzia kidogokidogo, ili wale wekundu wa hadubini warudi na waonekane. Wakarudi. Jicho lilivimba mpaka kope hazikukutana. Siku ya tisa nilikuwa naona kama kupitia kitambaa kilicholowa. Siku ya kumi na moja niliamka, nikaziba la kulia, nikamwambia muuguzi afungue dirisha.

Dirisha lilikuwa wazi.

Wakanikimbiza chumba cha upasuaji. Wakakata kipande, wakapanua tundu kupunguza mbano, wakanichoma sindano kali. Haikusaidia. Mshipa wa kuonea ulikuwa umebanwa muda mrefu. Daktari wa pua kasema kama wangejua mwezi mmoja mapema, huenda. Hilo ndilo neno alilotumia, huenda. Nimelishika, sijui niliweke wapi.

Mimi mwezi mmoja mapema nilikuwa tayari kusema.

Mdogo wako


25 Mei

Mdogo wangu,

Hukuniamkia. Tangu ulipojua kusema hujawahi kupita mbele yangu bila shikamoo, hata tulipogombana. Niliisoma barua mara ya kwanza nikaona hilo tu, mengine sikuyaona. Ni haki yako. Usinijibu kama hutaki, lakini soma.

Barua yako ya Machi niliipata tarehe thelathini. Niliiweka dukani, chini ya mizani ya kupimia watoto wachanga, mahali pasipoguswa na mtu. Kila asubuhi niliitoa, nikaisoma, nikasema jioni nitajibu. Jioni nikasema asubuhi. Neno moja, mdogo wangu, na lina herufi nne, na mkono wangu uliandika maelfu ya majina ya dawa.

Nikikuambia niliogopa kazi, ni kweli, lakini ni robo ya kweli. Niliogopa kwamba yule mama yuko sahihi. Kwamba vidonge nilivyokupa kwa mapenzi, nikavishona kwa mishono yangu mibovu, nikavitumia kwa gari, ndivyo vilivyokuwa vinamfichia adui nyumba. Nilidhani nikikaa kimya labda atakuwa amekosea. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walimaanisha pindo, na kwamba mshonaji ni mimi. Jicho lako nimelila mimi.

Nilikwenda kwa mwenye duka nikamweleza kila kitu. Hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono, nikavua koti, akalipokea. Lakini kabla ya hapo, asubuhi ileile, alikuja mwalimu mmoja mteja wetu wa siku nyingi. Pua imemziba mwaka mzima, shavu moja limeinuka. "Nipe vile vidogo vyeupe, vile vya siku ile." Nikamwambia, "Mwalimu, sivitoi. Nenda ukapimwe." Akawaka: "Kwani wewe ni muuzaji au ni daktari?" Nikamwambia hilo swali nilipaswa kuulizwa miaka tisa iliyopita. Kaondoka ananitukana mpaka barabarani. Sijui kama alikwenda kupimwa au alikwenda duka la pili.

Sasa nakalia cherehani chako, nashona foronya. Zinanunuliwa na watu wanaolala bila kuwasha taa.

Karanga anakuita. Anaielekea picha yako ukutani anasema "ma", anaipiga kofi.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimekaa siku nyingi na kalamu. Nilikuwa na hasira, sitakudanganya. Nilikuwa najua hata nitakavyoinyima barua yangu salamu, niliipanga siku mbili kama mtu anayepanga nguo ya harusi. Halafu ilipoondoka nikalia kwa sababu ya salamu kuliko nilivyolia kwa sababu ya jicho. Kwa jicho la kushoto bado nalia vizuri, hiyo kazi limebakiwa nayo.

Usiseme umelila. Mimi ndiye niliyemeza, na mimi ndiye niliyemwambia daktari uongo, mdomo wangu haukuwa umeshonwa. Nilikungoja kwa sababu nimezoea kukungoja. Tangu utoto sijawahi kuvuka barabara bila kuangalia kwanza kama umenishika mkono. Tumelila pamoja kama tulivyogawana kila kitu. Ila kipande kikubwa kimeniangukia mimi, hilo nalo niache niliseme mara moja, sitalirudia.

Sasa sikia, jina la ugonjwa limepatikana. Siwezi kuliandika, ni refu kuliko kanzu ya mtu mrefu. Yule mama wa hadubini aliniita akaniruhusu kuchungulia. Dada, ni kama kitunguu kilichokatwa katikati. Katikati mna kimshipa cha damu, na kovu limekizunguka, tabaka juu ya tabaka, na wale wekundu wametawanyika kando kama nukta. Nikasema, "Ni kazuri." Akasema, "Kila mtu anasema hivyo, hata mimi." Ugonjwa huu kauona kwenye vitabu tu, mgonjwa wake wa kwanza ni mimi. Dunia nzima wagonjwa wake ni wa kuhesabika. Kumi na nane akasema basi nitozwe ushuru.

Tuliporudi wodini akasema si saratani. Wodi nzima ilipiga makofi, nami nikapiga. Yeye hakupiga. Alingoja tunyamaze, akaniambia ugonjwa huu hauui haraka, lakini una subira. Unakatwa, unarudi. Wataniondolea kinachoondoleka, kisha nitawekewa dripu ya dawa kali kila baada ya miezi kadhaa, dawa ambayo imewasaidia wengine na wengine haikuwasaidia. Hawajui kwa nini. Nikampenda kwa kusema hajui.

Jicho la kushoto ni giza, limekwisha. Kazi sasa ni la kulia, kwa sababu ugonjwa unaweza kuvuka ukuta wa pua. Kanifundisha: kila nikiamka nitazame kitu chekundu. Wekundu ndio unaotangulia kuondoka, kabla mtu hajajua kwamba anapoteza kitu. Nikiona umefifia nisingoje kesho.

Nitumie ule uzi mwekundu aliojifungia Karanga. Nataka huohuo.

Mdogo wako,
Mama Karanga


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba mara mia. Nimeisema kwa sauti, peke yangu jikoni, watoto wakaja kuona nani kaingia.

Uzi huu hapa, bado umetafunwa mwisho mmoja, meno ni ya mwanao. Umefanyiwa upasuaji? Umeamka vizuri? Unatapika? Niandikie yote, hata ya chooni.

Nina habari, na sikujua niiandike au niifiche, lakini nimeacha kuficha. Karanga ametembea. Jumapili, hatua nne, kutoka kwenye cherehani hadi kwenye ndoo. Nilimkalisha haraka kama ulivyoagiza. Akainuka tena. Sikuweza, mdogo wangu, ana kichwa chako.

Jambo jingine. Uliwahi kuniambia watu hutazama chini wakikuona. Sitaki mwanao ajifunze hilo. Kwa hiyo nimejifunga kitambaa jicho la kushoto, wiki ya pili sasa. Mwanzo alilia akatambaa kwenda kwa wenzake. Siku ya nne akaja kukivuta. Sasa nikikivua ndipo ananishangaa. Majirani wanauliza nimepigwa na nani. Nawaambia na akili. Nimejichoma sindano mara tatu na chai nimeimimina mezani, ndipo nimejua unakwenda kuishi vipi.

Rudi. Tutakupokea tulivyo.

Dada yako


21 Novemba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo vipi? Nimekuacha juzi tu, lakini bila kuuliza barua haiendi. Na Karanga, amekula? Bado anamfunga kitambaa yule paka? Miezi hii minne nyumbani, nikishona nawe tukigombania cherehani kimoja, sikukuandikia hata mstari, na leo nimeona mkono wangu umekosa mazoezi.

Nimefika kwa ajili ya dripu ya pili. Nimepewa kitanda cha kumi na tisa. Kwenye cha kumi na nane amelala msichana mmoja mkimya kabisa. Sikuuliza Kumi na nane wangu yuko wapi.

Leo asubuhi niliamka kabla ya wengine, nikautoa uzi chini ya mto kama kila siku. Nikauweka juu ya shuka jeupe. Nikatazama. Nikasema labda ni mwanga, dirisha hili linatazama ukuta. Nikaupeleka kwenye taa ya korido. Dada, ulikuwa rangi ya tofali. Bado halijanyeshewa, lakini ni tofali.

Nilisimama pale nikiwa na uzi mkononi, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anajua, lilikuwa kalamu. Nikuandikie, nikuulize, ningoje Jumanne na Ijumaa. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea kitandani kuifuata.

Nikaigeuza. Nilikwenda kwa muuguzi peku, nikamwamsha kwenye kiti chake. Nikamwambia jicho langu la pili linaondoka, mwite daktari sasa hivi. Kasema, "Ngoja ninywe chai." Nikamwambia hapana. Dada, mimi nimemwambia mtu mzima hapana! Akaniangalia, akashika simu.

Mama wa hadubini kaja na viatu vya nyumbani. Kaniuliza, "Umeona lini?" Nikamwambia leo, kabla sijanawa uso. "Na umemwambia nani kwanza?" Nikamwambia wewe, mama, na muuguzi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anataka kukipima uzito. Hakusema huenda. Alianza kutembea haraka nami nikamfuata.

Kwa hiyo usinikasirikie kwamba wewe unajua wa tatu. Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha picha, karatasi iko gotini. Hawajui kama wamewahi, watajua wakishanitazama. Nimewauliza kama wakisha kunitibu nitakuwa naona, wakasema tuanze kwanza. Basi tunaanza.

Kama siku moja ukimwona Karanga amesimama mlangoni kwenye jua na lile gauni lake jekundu, mtazame kwa niaba yangu, kisha uniandikie ni nyekundu ya namna gani. Usiseme nyekundu tu. Unieleze.

Wananiita. Uzi nimejifunga kidoleni.

Mdogo wako,
Mama Karanga